Wifi yangu alitoa mawe ya kijani kwa mafuta ya zeituni na ndimu. Nami ninywe?

Bi Mshauri, assalamu alaykum.

Mimi ni mama wa watoto wanne, nina miaka 41, naishi Kisauni. Tangu mfungo uliopita nashikwa na maumivu makali hapa kwenye chembe cha moyo, yanakwenda chini ya mbavu za kulia mpaka nyuma ya bega. Aghalabu huanza usiku, hasa nikila biriani au viazi karai. Hunikaza saa mbili tatu nikawa sijui nilale vipi, kisha yakaachia yenyewe utadhani hapakuwa na kitu. Duka la dawa nilipewa dawa za vidonda vya tumbo, nikazimaliza, zisinifae. Mwisho nikaenda kupigwa picha ya altrasaundi, nikaambiwa nina vijiwe kwenye mfuko wa nyongo, vingi, kikubwa chao milimita 9. Daktari akasema mfuko haujavimba na mrija hauna kitu, lakini nijiandae kufanyiwa upasuaji utolewe.

Tangu hapo sina raha, maana kila mtu ana lake. Mama mkwe anasema ni haya maji ya kisima tunayotumia: birika letu likichemshwa siku chache tu linashika chokaa nyeupe ndani, sembuse tumbo? Wifi yangu wa Likoni naye anasema upasuaji wa nini. Yeye alishinda na njaa, usiku akanywa zaidi ya nusu lita ya mafuta ya zeituni na maji ya ndimu, asubuhi akatoa mawe ya kijani hayana idadi. Picha ninazo kwenye simu, mengine ukubwa wa zabibu. Kisu hakikumgusa. Mimi ameshaninunulia chupa ya mafuta, iko jikoni.

Na kuna jingine. Mtoto wa dadangu ana miaka 13 na ana ugonjwa wa selimundu. Majuzi naye amepigwa picha akakutwa na vijiwe vya nyongo. Dadangu anasubiri nikinywa mimi ukinifaa ule mchanganyiko ampe na mwanawe. Mtoto yule ni mwembamba, wala si mlaji wa mafuta; mimi nina mwili. Imekuwaje tukawa na maradhi mamoja? Ni ya ukoo?

Nataka kujua vijiwe hivi ni kitu gani hasa, vimetoka wapi, na kama kweli haviyeyuki. Maziwa nimeyaacha kwa sababu nilisikia kalsiamu ndiyo inayojenga mawe. Nilisahau: mwaka jana tulikuwa na arusi ya binti wa kakangu, nikajikondesha, nikashusha kilo 12 kwa mwezi na nusu kwa chai ya rangi na matango. Sijui kama lahusu. Na mfuko ukishatolewa, nyongo itakaa wapi?

Mama wa Wanne, Kisauni

*

Waalaykum salaam, mwanangu. Pole kwa maumivu, nayajua jinsi yalivyo.

Hiyo chupa ya mafuta itumie kwenye saladi, kijiko kijiko. Usiinywe, na leo hii mpigie simu dadako umwambie asimpe mtoto hata tone la mchanganyiko huo. Kwa mtoto mwenye selimundu ni hatari zaidi kuliko kwako, na sababu nitaitoa. Lakini kwanza nikujibu hilo uliloliuliza, vijiwe ni kitu gani, kwa sababu ukishajua kimejengwa na nini utaona mwenyewe kipi kinaweza kukitoa na kipi hakiwezi.

Ini lako hutengeneza nyongo usiku na mchana, kiasi cha nusu lita hadi lita moja kwa siku. Sehemu kubwa ni maji. Ndani ya maji hayo mna chumvi za nyongo, ambazo kazi yake ni kuyatawanya mafuta ya chakula yapate kusagika. Mna mafuta yaitwayo lesithini. Mna lehemu, ambayo hospitalini utasikia ikiitwa kolesteroli. Na mna bilirubini, ile rangi inayobaki seli nyekundu za damu zikizeeka na kuvunjwa. Ndiyo inayoifanya nyongo kuwa ya manjano. Wakati huli, nyongo nyingi huingia kwenye mfuko wake chini ya ini. Mfuko wenyewe ni mdogo, unachukua mililita 30 hadi 50 tu, kwa hiyo huyanyonya maji na kuibakisha nyongo nzito, mara tano hadi kumi kuliko ilivyotoka kwenye ini. Ukila chakula cha mafuta, utumbo hutoa homoni inayouamuru mfuko ujikamue. Hapo ndipo biriani linapokuponza: mfuko unajikamua, kijiwe kinakuja kuziba mlango, mfuko unazidi kukaza na njia haipo. Kijiwe kikirudi nyuma, maumivu yanaachia.

Sasa, katika hivyo vyote nilivyovitaja, mkorofi ni lehemu, kwa sababu haiyeyuki katika maji kabisa. Ikiachwa peke yake ingeganda pale pale. Haigandi kwa sababu chumvi za nyongo na lesithini huizunguka na kuibeba katika vifungu vidogo mno, ambavyo jicho halivioni. Ila uwezo wa kuibeba una kikomo. Ini likimimina lehemu nyingi kuliko inavyoweza kubebwa, au chumvi za nyongo zikipungua, nyongo inakuwa imezidiwa.

Wewe umepika shira ya kaimati. Sukari ikizidi, shira ingali motoni huonekana imeyeyuka yote, safi. Ikishapoa, punje moja tu ikijishika ukingoni mwa sufuria, shira yote huanza kuganda chengachenga. Ndivyo ilivyo nyongo iliyozidiwa. Yaweza kukaa hivyo muda mrefu bila kijiwe, lakini ikipata pa kujishika, basi. Na pa kujishika ni ule ute unaotolewa na ngozi ya ndani ya mfuko. Fuwele za lehemu hunasa humo, na ukiziweka chini ya hadubini ni vibapa vyembamba vya pembe nne, angavu, vingi vyao vimemeguka pembe moja. Mfuko ukiwa mvivu wa kujikamua, ute na fuwele hubaki chini vikawa tope, na tope baada ya miezi na miaka hushikana likawa jiwe. Kwa hiyo ni mambo matatu yanayokutana: lehemu iliyozidi, ute wa kuishika, na mfuko uliotulia mno.

Siku ukiona kijiwe cha namna hii kimepasuliwa kati, utastaajabu. Nimevitazama vingi. Nje ni cha manjano au kahawia hafifu, na vikiwa vingi kama vyako huwa na pande bapa, kwa sababu vimekaa vikisukumana mfukoni miaka mingi. Ndani fuwele zimepangika mistari mistari kutoka kitovuni kwenda ukingoni, zinametameta, na zimekatwa na duara za rangi nyeusi nyeusi, moja nje ya nyingine. Hizo duara ni bilirubini na kalsiamu zilizojipaka katikati ya lehemu. Kijiwe safi cha lehemu tupu ni nadra. Vilivyo vingi ni mchanganyiko, lakini zaidi ya nusu yake ni lehemu. Kwa umri wako, uzazi wako na historia yako, nina imani kubwa kwamba vyako ni hivyo.

Naam, lile ulilolisahau linahusu sana. Unapojikondesha kwa kasi, mafuta ya mwilini yanavunjwa na lehemu iliyokuwa humo inaachiliwa, ini linaichukua na kuimimina kwenye nyongo. Wakati huo huo, kwa chai ya rangi na matango hakuna mafuta ya kuuamsha mfuko, kwa hiyo haujikamui. Lehemu imezidi, na mfuko umelala. Inajulikana vizuri kwamba anayepunguza zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki anajiongezea hatari ya vijiwe, na wewe ulivuka hapo. Sikulaumu, mwanangu. Najua jinsi wanawake tunavyohimizana msimu wa arusi, na hakuna anayemwambia mwenzake hili. Ukitaka kupungua tena, nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki yatosha, na usiyafute mafuta yote kwenye chakula.

Uzazi nao una sehemu yake. Wakati wa mimba homoni moja huongeza lehemu kwenye nyongo, nyingine huulegeza mfuko. Mimba nne ni nafasi nne. Vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni hufanya kitu cha jamii hiyo hiyo. Ndiyo maana wanawake wenye vijiwe ni wengi kuliko wanaume, hasa kabla ya ukomo wa hedhi. Unene, kisukari, umri, na kuzaliwa katika ukoo wenye vijiwe huongeza pia. Saumu ya Ramadhani mimi siilaumu: mtu hufuturu na kula daku, mfuko unakamuliwa kila siku. Kwa hali yako nisingekushauri tu kufuturu kwa sinia la bajia na sambusa.

Maji ya kisima hayamo. Mama mkwe mheshimu, lakini katika hili hakupata. Mombasa tumekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na maji yetu ya chini yanapita katika chokaa, ndiyo maana birika linashika ukoga mweupe. Ukoga ule ni kalsiamu kaboneti inayojitenga maji yanapochemka. Tumboni hakichemki kitu, na maji uliyokunywa hayaendi kwenye mfuko wa nyongo. Kalsiamu iliyomo kwenye nyongo inatoka katika damu, na kiwango cha kalsiamu katika damu mwili unakilinda kwa ukali, unywe maji ya chumvi au maji matamu. Watu wanachanganya na mawe ya figo. Yale ni mengine kabisa: hukaa kwenye njia ya mkojo, mengi yake ni kalsiamu oksaleti, na huko ndiko kunywa maji mengi kunakosaidia. Maziwa rudia kunywa, huna sababu ya kuyaacha.

Sasa hayo mawe ya wifi.

Sisemi kwamba amesema uwongo. Alichokitoa amekitoa kweli, na amekuonyesha kwa nia njema. Lakini kile si kijiwe cha nyongo. Mwaka 2005 jarida la tiba The Lancet lilichapisha taarifa ya madaktari wa New Zealand kuhusu mwanamke mwenye vijiwe vya nyongo aliyefanya vivyo hivyo: alishinda kwa maji ya matunda na mboga, jioni hakula, kisha akanywa mililita 600 za mafuta ya zeituni na mililita 300 za maji ya limau kwa muda wa saa kadhaa. Akatoa vitu vya kijani vilivyoshikana nusu nusu, akavihifadhi kwenye friza. Maabara ikavichunguza. Havikuwa na fuwele. Vilipopashwa joto la nyuzi 40 kwa dakika 10 viliyeyuka vikawa mafuta ya kijani. Ndani yake hamkuwa na lehemu, wala bilirubini, wala kalsiamu. Kiasi cha asilimia 75 kilikuwa asidi za mafuta.

Kwa maneno mengine, ni sabuni. Vimeng'enya vya tumboni viliyavunja mafuta ya zeituni, asidi zake zikakutana na potasiamu iliyomo kwenye limau, vikaganda. Jikoni kwako umeona mafuta na magadi yanavyoshikana. Huu ni mlango huo huo. Ukinywa mafuta mengi namna hiyo, utatoa "mawe" hata kama mfuko wako hauna punje moja.

Na hapa kuna jambo ninalolipenda katika historia ya kemia. Lehemu iligunduliwa mara ya kwanza ndani ya vijiwe vya nyongo, huko Ufaransa karne ya 18. Mwaka 1815 Michel Eugène Chevreul, yule yule aliyeeleza jinsi mafuta yanavyogeuka sabuni, aliichunguza akaona kwamba inafanana na mafuta lakini kwa dawa za kutengenezea sabuni haibadiliki. Haiwi sabuni. Kwa hiyo tofauti kati ya kilichomo mfukoni mwako na kilichotoka kwa wifi yako iliwekwa wazi zaidi ya miaka 200 iliyopita. Tena lehemu safi haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 140. Wifi kama angali navyo, avitie kwenye kikombe na kukizamisha ndani ya maji ya moto, mtaona wenyewe.

Mtazame na upana wa njia. Mrija mkuu wa nyongo kwa kawaida una upana wa milimita 6 hivi. Jiwe la ukubwa wa zabibu lipite humo, tena mengi kwa usiku mmoja, bila mtu kulia kwa maumivu na macho kuwa manjano? Muulize wifi kwa upole: kabla ya kunywa alipigwa altrasaundi? Na baada ya kunywa? Picha ya simu haitoshi.

Ubaya wa dawa hiyo si kwamba haifanyi kazi tu. Nusu lita ya mafuta ni amri kubwa kwa mfuko kujikamua, kuliko sinia lolote la biriani. Wewe una vijiwe vingi, kikubwa milimita 9, maana yake vimo na vidogo zaidi, na vidogo ndivyo vinavyoweza kuingia kwenye mrija. Kikinasa chini, mahali ambapo mrija wa nyongo unakutana na wa kongosho, kongosho linaweza kuvimba, na hayo ni maradhi ya kulazwa, wengine wamepoteza maisha. Sasa hivi mrija wako ni msafi. Tuuache hivyo.

Umeuliza kama vinayeyuka. Ipo dawa ya hospitali, asidi ya ursodeoksikoliki, ambayo kweli huyeyusha vijiwe vya lehemu kwa kuipunguza lehemu kwenye nyongo. Ila ina masharti: viwe vidogo, viwe vya lehemu bila kalsiamu nyingi, na mfuko uwe bado unajikamua vizuri. Humezwa miezi sita hadi miaka miwili, na karibu nusu ya waliopona vijiwe huwarudia ndani ya miaka mitano, kwa sababu mfuko ni ule ule na nyongo ni ile ile. Muulize daktari wako, ni haki yako, lakini kwa vijiwe vingi vinavyouma sidhani kama atakushauri hivyo. Nami nikiwa wewe ningekubali upasuaji. Wasio na dalili, na ndio walio wengi, huachwa bila kuguswa; wewe hukumo tena katika kundi hilo.

Kwa nini utolewe mfuko mzima badala ya vijiwe tu? Kwa sababu hiyo hiyo niliyoisema: ukiviondoa na kuuacha mfuko, hujengeka vingine. Daktari Carl Langenbuch wa Berlin alilielewa hilo, na mwaka 1882 akautoa mfuko wa mgonjwa kwa mara ya kwanza; mgonjwa akapona. Mwaka 1985 Erich Mühe, Mjerumani pia, akaanza kuutoa kwa kamera na matundu madogo. Njia hiyo ndiyo inayotumika zaidi siku hizi, na mtu mara nyingi huruhusiwa kurudi nyumbani siku moja au mbili baadaye. Ukienda Makadara au hospitali nyingine, uliza upasuaji utakuwa wa matundu au wa kufungua tumbo, na uulize mapema SHA, ile bima ya afya ya serikali, italipa nini na wewe utalipa nini, usije ukashtukizwa mlangoni.

Nyongo haitakosa pa kwenda. Inatengenezwa na ini, haitengenezwi na mfuko. Mfuko ni ghala tu. Ghala likiondoka, nyongo itateremka moja kwa moja kwenye utumbo, kidogo kidogo, siku nzima. Punda hana mfuko wa nyongo. Ngamia unaowaona ufukweni Pirates hawana pia, na wanakula na kushiba. Baadhi ya watu huharisha kidogo wiki za mwanzo wakila mafuta mengi, kisha mwili unazoea.

Sasa nije kwa mtoto, ambaye ndiye aliyenikaa moyoni nilipoisoma barua yako.

Vijiwe vyake si kama vyako, ingawa vimekaa mahali pamoja na jina ni moja. Seli nyekundu ya mtu mwingine huishi kama siku 120. Ya mwenye selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu, ikavunjika. Kila inayovunjika huacha bilirubini. Ini huifunga bilirubini na asidi maalumu ili iyeyuke katika nyongo na kutoka. Lakini kwa mzigo wa mtoto huyu, nyingi hubaki haijafungwa. Hiyo isiyofungwa hushikana na kalsiamu ikawa chumvi isiyoyeyuka, ikajifunga tena na tena mpaka ikawa jiwe gumu. Vijiwe vya namna hiyo ni vidogo, vyeusi ti, vina ncha ncha, na lehemu ndani yake ni kidogo sana. Havina uhusiano na kula mafuta wala na unene, ndiyo maana mtoto mwembamba anavipata. Cha ukoo hapo ni selimundu yenyewe, ambayo Pwani yetu inayo kwa wingi kwa sababu ya malaria: aliyerithi upande mmoja tu hupata kinga fulani ya malaria, basi kurithiwa kukaendelea. Ipo na aina ya tatu, ya kahawia na laini, ambayo bakteria huijenga ndani ya mirija iliyoambukizwa au iliyopandwa na minyoo, lakini hiyo haiwahusu nyinyi wawili.

Kwa hiyo hata ile dawa ya kuyeyusha niliyokutajia haimfai mtoto. Inapunguza lehemu, na kijiwe chake si cha lehemu. Mafuta na ndimu ndiyo usiseme. Kumshindisha na njaa na kumharisha mtoto wa selimundu ni kumkausha maji, na maji yakipungua mwilini seli zake hujikunja, zikaziba mishipa, akaingia kwenye yale maumivu ya mifupa ambayo dadako anayajua vizuri. Hapo mama atakuwa ametafuta dawa ya kijiwe akamletea mwanawe maradhi makubwa zaidi.

Dadako apeleke picha ya altrasaundi kwenye kliniki ya selimundu anakohudhuria mtoto. Kama hana maumivu ya tumbo, madaktari wanaweza kuamua kumwangalia kwanza. Kama anayo, mfuko utatolewa, lakini yeye anahitaji matayarisho kuliko wewe: maji ya kutosha kwa mshipa, oksijeni, na mara nyingine kuongezwa damu kabla ya nusu kaputi. Asipelekwe pahali ambapo hawajui kwamba ana selimundu, na mama alitaje hilo hata kama hakuulizwa.

Wewe mwenyewe ukingojea siku yako, kula mara nyingi kidogo kidogo, punguza vya kukaanga, usijishindishe na njaa. Maumivu yakipita saa sita bila kuachia, au ukapata homa na baridi, au kutapika kusikokoma, au macho yakawa manjano, mkojo mweusi na choo cheupe, nenda hospitali usiku huo huo. Dalili ni hizo hizo kwa mtoto, isipokuwa kwamba macho yake pengine huwa na umanjano siku zote. Mama amtazame akiona umezidi ule aliouzoea, asingoje tarehe ya kliniki.